Kete Shavuni mwa Siwema

Sogeeni, watoto. Fungeni midomo kidogo, maana hadithi hii ilianzia mdomoni.

Siwema alikaa barazani na Babu Makame. Walicheza bao. Tok, tok, tok, zililia kete, mbegu ndogo za mviringo.

Babu alishinda. Babu hushinda kila siku, halafu hucheka huku kaishika kofia yake isianguke.

*Kila kete na shimo lake.*
*Mdomo si shimo la kete.*

Siwema aliujua wimbo huo. Lakini Babu alipoinama kupiga chafya, Siwema alichukua kete moja. Akaificha shavuni.

Babu akahesabu kete. Akajikuna kidevu. Akahesabu tena. Siwema akacheka, kwi, kwi, kwi… gluk.

Kete ikateleza. Ikakwama kooni.

Mate yakamtoka, churuzi, churuzi. Babu akataka Siwema ameze tonge la ugali, lisukume kilichokwama. Jirani yao, Bi Mize, akasema ndizi, tena mbivu.

Mama akaja mbio kutoka jikoni. Akamsikiliza Siwema: anapumua. Basi akakataza ugali, akakataza ndizi, akakataza maji, na vidole vya watu akavikataza pia.

"Umemeza nini, mwanangu?"

Siwema akamtazama Babu. Akisema, Babu atajua. Asiposema, daktari atatafuta nini?

"Kete," akanong'ona. "Nilikuibia, Babu."

Bajaji ikawapeleka hospitali, trr, trr, trr. Babu alimshika mkono njia nzima.

Daktari Rukia akamwekea Siwema usoni barakoa laini, yenye hewa ya usingizi. Macho yakawa mazito. Mazito kabisa.

Siwema akaelea. Mbingu ilikuwa bao kubwa. Mawingu yalikuwa mashimo yake.

Nyota zikashuka polepole, tok… tok… tok… kila moja wingu lake.

*Kila kete na shimo lake.*
*Mdomo si shimo la kete.*

Alipoamka, koo lilikuwa jepesi. Daktari alikuwa ameitoa kete kwa koleo refu, jembamba. Hiyo hapo, ndani ya kichupa, imeoga na kung'aa.

Jioni, nyumbani, Babu alileta bao kitandani. Wakahesabu kete pamoja, na ile ya kichupani. Sitini na mbili… sitini na tatu…

Moja haipo.

Siwema akafungua mdomo, aaa. Mtupu.

Babu akakohoa. Akavua kofia, taratibu. Tok.

"Na mimi nilikuibia," akasema Babu.

"Ndiyo maana unashinda kila siku, Babu."

Wakacheka mpaka kitanda kikacheka nao, kwi, kwi, kwi. Kisha sauti zikashuka. Kete zote sitini na nne zikalala.

*Kila kete na shimo lake.*
*Kila mtoto na kitanda chake.*

Na Babu? Babu alilala hapo hapo miguuni mwa Siwema, kofia tupu usoni. Khorr… khorr…