Gari la Kijani Halikuwa Tupu

Uvira jua halizami; linafichwa. Milima inalimeza mapema, mji unaingia kivulini, na ng'ambo ya ziwa, upande wa Burundi, watu wanaendelea kuota jua kana kwamba wamepewa kibali maalumu.

Saa hiyo ya kivuli Eugène alikuwa amesimama katika uwanja wa Pitchou, muuza magari wa Kalundu, karibu na bandari. Alikuwa akitazama magari mawili madogo ya milimani na kujaribu kuhisi kitu. Hakuhisi. Tangu mkewe Noella afariki, msimu wa mvua uliopita, moyo wake ulikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, ni wako, lakini hauna habari.

Magari yote mawili yalikuwa ya wazi, bila milango, viti viwili mbele, karoseri ya mzigo nyuma, magurudumu yenye meno. Moja jekundu. Moja la kijani.

Shamba la Eugène lilikuwa juu kabisa, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huutafakari kwanza. Kwenye ramani kulikuwa na barabara. Eugène alijua, maana alitumikia ofisi ya ardhi mpaka akastaafu, na aliichora mwenyewe. Barabara hiyo ilizinduliwa mara mbili, kwa utepe, hotuba na biya baridi. Kuilima ndiko kulikosahaulika. Ilibaki njia ya mawe, ikikatwa katikati na kijito cha Nakabanda, na wagonjwa waliendelea kushushwa kwa kipoyi, machela ya miti mabegani mwa wanaume. Noella alikata roho kwenye kipoyi. Eugène hakuwepo. Alikuwa Bukavu, akisubiri muhuri wa karatasi zake.

Sasa huko juu alibaki Jolie, binti yao, mjamzito wa miezi minane. Mume wake alikuwa migodini, na Jolie aliapa kwamba hashuki mpaka avune maharage yake. Kwa hiyo Eugène alitafuta gari. Alitaka jambo moja tu: mwanawe asife juu ya kipoyi.

Jekundu walikuwa wamelijaribu mchana. Kupanda, lilipanda kama lililofukuzwa. Kushuka ndiko kulikoleta maneno. Lilikuwa jepesi, likateleza, nyuma ikataka kutangulia mbele.

"Ni sababu iko tupu, papa Jolie," Pitchou alisema. "Ukitia muzigo, itatulia."

"Na kama mzigo wenyewe ni mwanamke mwenye mimba?"

Pitchou alijikuna shingo.

"Tujaribu la kijani," Eugène akasema.

"Kesho asubui, vieux, muzee wangu. Giza linakuya."

"Lina taa?"

"Taa iko."

"Basi giza si kazi yako."

Walipanda. La kijani lilinguruma taratibu, bila papara, likavuka kijito maji yakiwa chini ya ekseli, likashika mlima. Njia nzima Pitchou aliimba wimbo wa kanisani. Eugène alidhani ni uchaji Mungu. Kwenye kona ya mwisho kabla ya shamba waligeuza.

Hapo resori, springi za nyuma, zikalia.

Kriii...

Sauti ile kila mtu wa barabara anaijua. Ni sauti ya mtu kupanda.

Eugène aligeuka. Karoseri ilikuwa tupu. Lakini gari lilikuwa limekaa chini kwa nyuma, na lilishuka ule mteremko mbaya kwa utulivu wa ajabu, limenyonya ardhi, halitelezi hata kidole. Upepo ulileta harufu. Dawa ya kusafishia sakafu ya hospitali. Na chini yake, harufu ya moshi wa mikaratusi, ile inayokaa kwenye kitenge cha mwanamke anayepikia kuni.

Pitchou aliimba kwa nguvu zaidi.

Walipokanyaga maji ya kijito, mtu akanong'ona nyuma ya masikio yao. Sauti ya mwanamke, ya uchovu, ya heshima, kama ya abiria anayeogopa kusumbua.

"Tulishavuka?"

Magurudumu yalipotoka majini, resori zikalia tena, kriii... gari likainuka, likawa jepesi.

Pitchou aliacha kuimba.

"Sema," Eugène akamwambia.

"Papa Jolie, minye nauzishaka tu."

"Sema."

Akasema. Gari lilikuwa la shirika fulani lililokwisha kufunga miradi na kuondoka. Lilibeba wagonjwa kutoka juu, na waliokufa pia. Dereva alikuwa mgeni, kijana wa mbali, hakujua mambo ya mlima. Na huku mlimani hata mtoto anajua: maiti ikivushwa maji, lazima mtu aiite, aiambie kwamba tunavuka, na aiambie inakopelekwa. Usipoiambia, mwili unavuka, mwenyewe anabaki upande ule akingoja gari.

"Na huyu ni nani?"

"Nitajuaje? Ilibeba batu wengi." Pitchou alitema mate nje. "Ila haina mambo mubaya. Inauliza tu."

Eugène alisubiri kuogopa. Hofu haikuja. Lilikuja wazo moja tu, kavu, la kiofisi: Noella naye, alipokwisha kufa kwenye kipoyi, alivushwa kijito na gari la shirika.

Walikuwa wamefika chini, mbele ya lango la uwanja, simu ilipolia. Alikuwa Mama Uwacu, jirani wa shambani, mwanamke aliyezalisha nusu ya watoto wa kilima kile.

"Papa Jolie, chupa imepasuka. Mutoto anakuya vibaya, ametanguliza muguu. Minye siwezi hapa, apelekwe maternité, kwa hospitali ya kuzalia. Leta hiyo motokari yako unaimbaka kila siku!"

Eugène aliyatazama magari mawili.

"Kamata nyekundu," Pitchou akasema haraka. "Na beyi nitakupunguzia."

Jekundu halikuwa na mtu. Lakini lilikuwa linateleza. La kijani lilikuwa na mtu, lakini lilikuwa linashika. Katika maisha yake Eugène alisoma vitabu vingi, na hakuna hata kimoja kilichomwandaa kuchagua kati ya mzimu na breki.

Alipanda la kijani.

"Weye ni muzima kweli?" Pitchou alimuuliza, mkono kichwani. "Vieux! Minye siendake!"

"Sikukuomba."

Alipanda peke yake, taa zikilamba mawe. Alivuka kijito. Aliendesha mpaka kwenye ile kona, na hapo resori zikalia, na harufu ikaja, dawa na moshi.

Akaita:

"Noella?"

Injini ilinguruma. Chura mmoja alilia, akanyamaza.

"Minye si Noella."

Sauti ilikuwa karibu sana. Aliisikia baridi yake shingoni, kama pumzi ya mtu aliyetoka kunywa maji.

"Noella iko wapi?"

Sauti ikajibu polepole, kama mtu anayetoa habari za jirani:

"Ule alivuka. Alikuwa na batu. Balimuambia."

Kwa hiyo kuna mtu aliyefanya kazi yake, mume akiwa kwenye foleni ya muhuri. Mmoja wa wale wabeba kipoyi, labda, alikaa nyuma na kumwita kwa jina. Eugène alitafuta machozi mahali ambapo huwa yanakaa. Hapakuwa na kitu.

"Minye hakuna muntu aliniambia," sauti ikaongeza. Haikulaumu. Ilieleza tu.

Jolie alitolewa nyumbani akiwa ameshikwa huku na huku, akalazwa kwenye godoro ndani ya karoseri. Mama Uwacu alipanda akaketi karibu na kichwa chake, kanga mdomoni. Alinusa hewa. Akamtazama Eugène. Kulikuwa na mambo ya haraka zaidi.

"Papa, taratibu," Jolie alilia.

"Taratibu, mama."

Na gari lilishuka taratibu. Mvua ilianza, njia ikawa sabuni, na lile gari zito liliukumbatia mlima kama mjusi ukuta. Kwenye ile sehemu ambayo jekundu lilitaka kugeuka, la kijani halikutikisika. Eugène alijua ni nani aliyekuwa akilishikilia. Alishukuru, kwa namna mtu anavyomshukuru karani: bila kupenda, lakini kwa dhati.

Mbele, kijito kiling'aa. Maji yalikuwa yamepanda.

"Tulishavuka?" sauti ikanong'ona nyuma.

Jolie alipiga kelele ya uchungu. Eugène aliingiza gari majini. Pengine ilikuwa huruma. Pengine ilikuwa deni la Noella, aliloshindwa kumlipa mwenyewe. Hakuwa na jina la kuita, kwa hiyo aliita bila jina. Alisema kwa sauti, kama inavyopasa kusemwa:

"Weye uliye nyuma, tunavuka. Sikia maji. Tunavuka. Tunaenda maternité."

Mama Uwacu aliruka kama aliyemwagiwa uji wa moto.

"Weye Eugène! Unasema na nani? Ile maneno ni ya bafu, batu balikufa! Kuko muntu muzima ndani ya motokari, na ingine ndani ya tumbo!"

"Sikusema na Jolie."

"Na kwa nini umesema maternité?" Sauti yake ilishuka, ikawa nyembamba. "Bafu banapelekwaka nyumbani kwabo. Kwa nini umemuambia maternité?"

Ni kweli. Kila mtu anajua: unamwambia marehemu anakopelekwa ili aende huko, akae huko. Eugène alikuwa amesema mahali gari lilipokuwa likienda, kama dereva yeyote. Kosa la mtu mwenye haraka.

Magurudumu yalitoka majini. Alisubiri resori zilie, gari liinuke.

Hazikulia.

Gari lilibaki zito mpaka lami ya mjini, mpaka lango la maternité, mpaka taa nyeupe za mlangoni. Waliposhusha Jolie, ndipo.

Kriii...

Karoseri iliinuka kama kitanda kilichoachwa asubuhi.

Mtoto alizaliwa salama, na mama yake salama, jambo ambalo muuguzi Olive alisema limemshangaza hata yeye. Msichana. Kabla ya wakati wake, mwembamba kama muhogo wa kiangazi. Olive alimlaza kwenye mizani. Mshale ulizunguka mpaka mwisho, ukagonga ukingo.

Tk.

Alimtoa. Mshale ukarudi sifuri. Alimrudisha.

Tk.

"Hii mashini ya miradi," Olive alisema, akaipiga kofi. Aliandika kilo mbili na nusu, kipimo ambacho hakuna daktari angekihoji. Eugène, mtu wa ofisi, aliona huo ni uandishi wa busara. Mama Uwacu alikuwa amesimama karibu na mlango, mgongo ukutani. Alikataa kusogea.

"Mubebe, bwana yake," Olive akasema, kwa utani ule wa babu na mjukuu.

Alimpokea. Mikono yake ilishuka, magoti yakafuata, akajikuta amekaa kwenye benchi bila kupanga. Mbao za benchi zililia chini yao. Kule kitandani Jolie alikuwa akicheka na kulia, akimwita Mungu, akimwita mama yake, akiuliza kama mtoto ana vidole vyote.

"Anavyo," Eugène alisema.

Kitambaa kilinukia dawa ya sakafu. Hilo lilieleweka, hapa ni hospitali. Moshi wa mikaratusi haukueleweka.

Mtoto hakuwa analia. Alifungua macho, akayapeleka dirishani, kwenye dari, mlangoni, akayarudisha usoni pa Eugène, na kuyaacha hapo. Alisubiri. Kwa adabu, bila kusumbua mtu.

Jolie alinyosha mikono. "Niletee, papa. Iko namna gani?"

Eugène alimtazama binti yake, aliye hai, aliyeshuka mlima akiwa hai. Kisha akainama mpaka midomo yake ikakaribia lile sikio dogo, mtu mwingine asisikie.

"Tumefika," akanong'ona.

Mtoto akafumba macho, akalala.