Karibu, Avelina

Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa tatu asubuhi, ndani ya steshenari ya Lundo iliyo mkabala na kisima cha parokia, walikuwepo watu watano. Wa kwanza ni Dastan Kapinga, mwenye steshenari. Wa pili ni mkewe, Avelina Haule, aliyekuwa ameketi mbele ya kompyuta na ambaye hakuwa ametoka kwenye eneo lile kwa siku tisa. Wa tatu ni Gertruda Mbele, mjane, mwenye mashine ya kusaga na jenereta. Wa nne ni Mzee Nathanieli Nchimbi wa Matiri, kijiji cha milimani, aliyewasili jana yake kwa basi. Wa tano ni Hyasinti Komba, fundi wa kompyuta aliyeitwa kutoka Mbinga mjini na kufika wa mwisho. Mtu mwingine hakuwepo. Inafaa majina yaandikwe yote, kwa sababu baadaye wapo waliosema hawakuwepo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, nyeusi, iliyokwisha kutumika. Dastan aliinunua Songea miaka miwili nyuma, na tangu siku ya kwanza kila alipoiwasha iliandika kwenye kioo: Karibu, Placidi. Hakujali. Vitu vya mtumba huja na majina ya watu, kama mashati yanavyokuja na majina ya shule za ng'ambo. Isitoshe, ilikuwa mashine nzuri. Wenye steshenari wa Mbamba Bay walilalamika kila wiki: huyu kompyuta yake imejizima katikati ya barua ya mteja, huyu printa inatafuna karatasi, yule ameweka bando la mwezi mzima likamalizwa na mashine kujisasisha yenyewe bila kumwomba ruhusa. Ya Dastan haikuwahi kukwama hata siku moja.

"Hizi za zamani ndizo mashine," alikuwa akiwaambia wateja. "Za siku hizi ni plastiki na matangazo."

Aliyechukizwa alikuwa Avelina. Si mashine iliyomchukiza, ni ile salamu.

"Kila asubuhi nakaa hapa nasalimiwa kwa jina la mwanamume nisiyemjua," alimwambia mumewe. "Wewe ungependa?"

"Kwani amekuomba nini? Piga kazi, Mama Lidia."

"Siku moja nitamtoa."

Alimtoa Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi. Alirudi kanisani na majivu yake kwenye paji la uso, akafungua mahali pa majina, akafuta la Placidi, akaandika lake. Mashine ikajizima, ikawaka yenyewe, ikaandika: Karibu, Avelina. Alicheka peke yake. Kisha akanusa.

Ilikuwa harufu ya kahawa. Haikuwa ya kikombe, bali ya kahawa mbivu iliyomenywa na kulowekwa kwenye pipa mpaka ikachacha, harufu inayojaa vijiji vya milimani wakati wa mavuno. Lundo hakuna kahawa. Lundo kuna mihogo, mpunga, na usipa, dagaa wa ziwani, unaoanikwa mchangani. Wala Machi si mwezi wa mavuno hata huko milimani. Harufu ilitoka kwenye feni ya kompyuta, ikaja na kukoma, ikaja na kukoma, kama mtu anayepumua.

Saa sita aliondoka kwenda nyumbani kupika. Alipokanyaga daraja dogo lililo hatua mia mbili kutoka steshenari, kifua kilifunga. Akarudi nyuma, kikafunguka. Akajaribu tena, kikafunga tena. Dastan alisema ni presha. Jioni akazima kompyuta kama kawaida yake, na kabla kioo hakijawa cheusi Avelina alikuwa sakafuni. Hakuwa amezimia kama watu wanavyozimia. Macho yalikuwa wazi na hayakupepesa. Dastan alimwita, akammwagia maji, akampiga makofi ya mashavu, na mwishowe, bila kujua kwa nini, akabonyeza kitufe. Mashine ikawaka na kuandika salamu yake. Avelina akavuta pumzi.

Hawakuizima tena. Godoro lililetwa likatandikwa nyuma ya mashine ya fotokopi. Choo kilikuwa uani, na uani alifika, darajani hakufika. Umeme ulipokatika, ile betri ya akiba iliyo chini ya meza iliwapa dakika kumi na mbili, ikilia tii, tii, tii, na Dastan alikimbia kwa Gertruda kuomba jenereta. Kwa siku tisa alikimbia mara kumi na moja. Paroko alikuja, akaomba, akanyunyiza maji ya baraka kila mahali hata kwenye kibodi. Herufi tatu zikaacha kufanya kazi, harufu ikabaki.

Dastan alijaribu kurudisha jina la kwanza. Kompyuta ilikataa. Ilisema jina hilo lina mtu anayelitumia. Aliyasoma maneno hayo mara tatu, kisha akampigia simu yule muuzaji wa Songea, na kwa njia hiyo akampata Mzee Nathanieli.

"Shikamoo, baba," alisema Avelina asubuhi ile ya Ijumaa. Hakugeuza shingo.

"Marahaba, mwanangu." Mzee alibaki mlangoni. Mvua kubwa ilikuwa inatoka ziwani na chumba kilikuwa na giza kama la jioni. Alinusa, akavua kofia. "Ni yeye," alisema taratibu. "Placidi ni mdogo wangu. Matiri nzima alikuwa akiwaandikia barua, kwa mashine hii. Alifia mezani, mikono ikiwa juu ya herufi."

"Kwa nini hakutulia?" Gertruda aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwetu matanga yakiisha anatafutwa mtu wa kurithi jina la marehemu, ili marehemu apate pa kukaa. Placidi hakuacha mtoto. Tuliulizana ndugu wote, kila mmoja akatazama pembeni. Nikasema, jina lake limo kwenye mashine, basi likae humo, na yeye akae nalo. Tukaiuza iende mbali. Yule wa Songea nilimwambia asilifute."

"Hakuniambia," alisema Dastan.

"Sikumpa sababu. Asingeinunua." Mzee aliikunja kofia yake. "Miaka miwili alikaa kimya, anafanya kazi. Sasa ameondolewa kwenye kiti. Amemshika aliyekikalia."

Hyasinti Komba aliingia wakati huo, amelowa, begi kifuani. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, na nusu ya kompyuta za wilaya zilikuwa zimepita mikononi mwake.

"Kaka Dastan, nimesimuliwa njiani," alisema akifungua begi. "Nilidhani ni virusi, kumbe mahoka, roho za wafu. Wateja wakija na mahoka huwa naongeza bei."

Akasogea mezani.

"Haya. Naipiga windo upya, naifuta yote na kuijaza programu mpya. Nikishapiga windo anatoka kila aliyemo, hata aliyeitengeneza kiwandani. Mama, naomba nipishe kiti. Nizime kwanza."

"Usizime," walisema watu watatu kwa pamoja.

Akawatazama. "Sawa. Naanzia kwenye flashi. Lakini itajizima yenyewe mara moja na kuwaka. Hilo siwezi kulizuia."

Avelina alihamia kwenye godoro. Dastan alimshika mkono. Hyasinti alichomeka flashi, akabonyeza, kioo kikawa cheusi, na mkono uliokuwa mkononi mwa Dastan ukalegea. Gertruda alihesabu kwa midomo bila sauti. Alifika thelathini na nane. Kioo kikawaka, mstari mweupe ukatokea na namba chini yake, na Avelina akakohoa.

"Asilimia tano," alisema Hyasinti. Hakutania tena. "Saba."

Namba ilipanda polepole. Ilipofika sitini na moja umeme ulikatika. Betri ikaanza kulia chini ya meza. Jenereta ilikuwa barazani tayari, ila mvua ya upande ilikuwa imeipiga tangu alfajiri; Dastan alivuta kamba, akavuta tena, akavuta mpaka kiganja kikachubuka, jenereta ikakohoa bila kushika, na kila alipoinua uso aliona kupitia mlangoni ile namba ikisogea, sabini, sabini na nne, na kusikia milio ikizidi kusogeleana, na pumzi ya mkewe ikifuata mlio, mlio mmoja pumzi moja, na ile harufu ya kahawa iliyochacha ikijaa chumbani kwa uzito hata Mzee Nathanieli akaziba pua kwa kofia yake, na feni ikavuma kama inayotaka kusema, na herufi za kibodi, zile tatu zilizokufa kwa maji ya baraka, zikashuka na kupanda zenyewe moja baada ya nyingine mbele ya vidole vya Hyasinti ambavyo vilikuwa vimeinuliwa hewani na havikugusa kitu.

Akaondoa mikono mezani, akaificha kwapani.

"Mia," alisema baada ya muda. "Imekubali. Bado kitu kimoja. Inauliza nani atatumia kompyuta hii."

"Andika Steshenari," alisema Dastan, aliyekuwa ameiacha jenereta na kurudi kuushika mkono wa mkewe.

Hyasinti aliandika. Mashine ikakataa.

"Andika Lundo."

Ikakataa.

"Andika mgeni. Andika chochote."

"Nimeandika. Haisogei." Alijifuta jasho. "Inataka la mtu, nadhani. Betri ina dakika tatu. Ikizimika hapa tumerudi tulikotoka."

Ilisikika mvua na ule mlio. Mzee Nathanieli alikuwa na jina. Gertruda Mbele alikuwa na jina. Dastan Kapinga alikuwa na jina. Kila mmoja alitazama mahali pake: mzee sakafu, Gertruda mvua, Dastan midomo ya mkewe iliyokuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Mzee," alisema Gertruda pasipo kumtazama, "si ni mdogo wako?"

"Nina wajukuu," alisema Mzee Nathanieli.

Hyasinti alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kwenda nyumbani. "Jamani, mnavyoogopa. Mimi kila kompyuta ninayopiga windo naanza na jina langu, mwenyewe atabadilisha akipenda. Shule, zahanati, mpaka kwa wakuu. Nipo kwenye mashine mia mbili. Ningekuwa nimekufa mara mia mbili."

Dastan alifungua kinywa. Mkono wa Avelina ulikuwa baridi. Akakifunga.

Fundi aliandika herufi nane, akabonyeza. Kioo kikawa buluu, kikaandika: Karibu, Hyasinti.

Avelina aliinuka. Alipita katikati yao bila neno, akatoka mvuani, na wote wakasikia miguu yake kwenye matope, kwanza ikitembea, kisha ikikimbia. Alilivuka daraja. Aliita jina la mumewe kutoka ng'ambo. Umeme nao ukarudi, na ile betri ikanyamaza.

Hyasinti alikuwa akirudisha vitu vyake kwenye begi. "Mna roho ngumu watu wa ziwani," alisema. "Chumba kizima kinanuka kahawa, hamnipi hata kikombe."

Wao hawakuinusa tena.

Mvua ilipopungua fundi alipanda pikipiki ya kukodi. Walimsindikiza kwa macho kutoka barazani. Pale darajani pikipiki ilisimama. Abiria aliinama, mkono kifuani, akakaa hivyo kitambo. Kisha pikipiki ikaendelea, ikashika njia ya milimani.

"Placidi amemwachia," alisema Gertruda.

"Anamfuata," alisema Mzee Nathanieli. "Huko ndiko kwao."

Dastan alifunga steshenari kwa kufuli, mashine ikiwa imewashwa ndani, akatia ufunguo mfukoni.

Jumapili jioni simu yake iliita.

"Kaka Dastan." Sauti ilikuwa ya Hyasinti, lakini ndogo. "Ile mashine umeizima?"

"Hapana."

"Jana mchana umeme ulicheza kwenu?"

"Ulicheza. Kama dakika tano hivi, betri ikashika."

"Dakika tano." Nyuma yake mtoto alikuwa akiimba. "Nilikuwa nakula, kaka, nikaanza kusikia mlio. Tii, tii. Hapa kwangu hakuna kitu kinacholia hivyo. Nakuja Jumatano niitazame. Usiizime tafadhali."

"Sitaizima."

"Na umeme ukikatika, ile jenereta."

"Nitawasha."

Jumanne, tarehe 18 Machi, umeme ulikatika Lundo saa nne kamili asubuhi. Jua lilikuwa kali. Gertruda alisikia mashine yake ya kusaga inazimika, akaisukuma jenereta barabarani mwenyewe mpaka kwenye baraza la steshenari. Ilikuwa kavu, ina mafuta. Dastan na Avelina walikuwa wamesimama mbele ya mlango. Ndani betri ilikuwa inalia.

"Fungua tuunganishe," alisema Gertruda.

Dastan alitoa ufunguo. Avelina aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe.

"Baba Lidia," alisema polepole sana. "Ukifungua, nitainusa."

"Nilimwahidi."

"Najua ulimwahidi. Ukifungua Placidi atatutazama. Atachagua."

"Mama Lidia, yule ni mtu. Ana watoto," alisema Gertruda.

"Basi ingia wewe, mama. Ufunguo huu hapa."

Gertruda alitazama ufunguo. Hakuunyooshea mkono. Walisimama hivyo wote watatu juani, simu ya Dastan ikaita mfukoni, ikaita mpaka ikakatika, ikaita tena, na ndani ya mlango milio ikazidi kusogeleana, ikawa mlio mmoja mrefu, kisha ukakoma. Simu nayo haikuita tena.

Hyasinti Komba alifariki nyumbani kwake Mbinga mjini, Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.