Jiwe Juu ya Kaburi la Salvina

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 23 Aprili 2024, asubuhi, Wenseslaus akimkatia ng'ombe majani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Alisikia mngurumo nyuma ya nyumba, kama lori linamwaga kokoto. Akaenda kuangalia. Jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala lilikuwa limeporomoka kutoka kwenye ukingo wa barabara mpya. Lilikuwa limevunja migomba na kukaa juu ya kaburi la mkewe, Salvina. Alikuwa amezikwa kihambani, shamba la nyumbani, kati ya kahawa na migomba, kama wazee wote wa ukoo.

Wenseslaus hakulia. Alikuwa amechoka tangu msiba. Alisema waliokata mlima ndio waje wachukue jiwe lao. Akaenda kwa mtendaji wa kijiji, akaahidiwa katapila. Masika yakaisha. Kahawa ikachumwa. Katapila halikuja. Kila alipokwenda aliambiwa avumilie, na kuvumilia ni kazi isiyo na mshahara.

Mwanawe Fabian, fundi wa kuchomelea huko mjini Majengo, alipanda nyumbani Jumapili moja.

"Baba, tuite wapasua mawe. Siku mbili limekwisha."

"Walipasulie wapi?"

"Hapo hapo lilipo."

"Yaani mama yako apigwe nyundo kifuani siku mbili, na mimi nipo hai?"

Fabian akaacha habari ya nyundo. Aliita vijana, wakalizungushia jiwe kamba, wakavuta kwa nguvu. Jiwe likayumba, likazama zaidi. Msalaba ukavunjika. Wenseslaus akawafukuza wote bila hata kuwaonjesha pombe ya mbege.

Jirani yao Zita, mwalimu wa historia, alisikia habari hizo. Kesho yake jioni alikuja, akamwamkia mzee shikamoo, akaketi.

"Baba Fabian, watu wa kale walihamisha mawe makubwa kulishinda hili. Hawakuwa na katapila."

"Walikuwa na majini. Au viboko vya kuchapia watu."

"Viboko labda. Majini hapana. Walikuwa na miti, kamba, maji na subira."

"Subira ninayo. Ndiyo pekee niliyopewa na serikali."

Zita akacheka, kisha akamweleza. Huko Misri, ndani ya kaburi moja la kale, kuna mchoro. Sanamu kubwa imewekwa juu ya magogo yaliyounganishwa ya kuburutwa. Watu wamejipanga mistari, wanavuta. Mmoja amesimama mbele, anamwaga maji mchangani. Mchanga mkavu hujilundika mbele ya mzigo na kuuzuia. Ukilowa kiasi, unakaza, na mzigo unapita kwa urahisi.

"Ninyi mlivuta kabla ya kuinua," alisema. "Jiwe likilala kwenye udongo, udongo unalishika. Liinueni kwanza, kidogo kidogo."

Jumamosi ukaitishwa msaragambo, watu wakaja kufanya kazi ya pamoja. Waliegemeza mitaimbo kwenye mawe madogo, nje ya kaburi. Waliinua upande mmoja, unene wa kidole tu, wakasukuma kabari ya mti chini yake. Kisha upande wa pili. Zita hakuruhusu mtu kuingiza mkono chini ya jiwe. Kabari zilisukumwa kwa fimbo. Wala hakuruhusu mtu kusimama upande wa mteremko. Fabian alinung'unika kwamba watazeekea hapo. Mchana, mwanga ukaonekana chini ya jiwe. Wakapitisha magogo yaliyounganishwa kama ngazi nene. Kamba wakazifunga kwenye magogo, si kwenye jiwe.

Vijana wakamwaga maji mbele, kama Wamisri. Likawa tope, na magogo yakakwama.

"Wale walikuwa na mchanga," Zita akasema. "Huu wetu ni udongo. Hapo nimekosea."

Wenseslaus alikuwa ameketi tu tangu asubuhi. Akainuka kwa shida, akachukua panga, akaangusha migomba iliyokwisha kuzaa, akaichana magamba.

"Lazeni haya. Nani hapa hajateleza kwenye mgomba?"

Wakayalaza. Mama mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, wakavuta kwa pamoja. Jiwe likaenda. Jioni lilikuwa limetua mahali tambarare, mpakani mwa kihamba. Wenseslaus akapiga magoti, akaulainisha udongo wa kaburi kwa kiganja.

"Pumua, mama," akasema polepole.

Ndipo mtendaji akafika na simu yake, akapiga picha, akawasifu wananchi kwa kujitegemea. Wenseslaus hakugomba. Alikuwa amechoka mno. Alimshika mkono, akamwonyesha ukingo wa barabara. Kule juu, jiwe jingine, kubwa kuliko lile, lilining'inia kwenye mizizi. Chini yake kulikuwa na nyumba ya jirani mwingine, Aikaeli, na watoto walikuwa wanacheza uani.

"Lile Mwalimu amesema tusiliguse. Halina pa kuwekea kabari, litaua watu. Aikaeli amekwisha kuambiwa alale kwa ndugu yake, lakini nyumba haibebeki."

Mtendaji akaliangalia jiwe, akaiangalia simu. Watu wote wakasogea karibu, wakimsubiri.

"Masika yanarudi," Wenseslaus akasema. "Lile analishusha nani?"