Taa Nyekundu ya Baiskeli ya Mama

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, mama alitoa baiskeli uani na kwenda kazini kwake, kwenye tanuri la mikate. Binti zake wawili waliamka naye. Mkubwa, aliyekuwa darasa la saba, alichemsha chai. Mdogo, wa darasa la tano, alijaza magurudumu upepo. Saa hizo giza lilikuwa bado nene na baiskeli haikuwa na taa, hivyo mama alipiga kengele njia nzima kama muuza aiskrimu.

Mkubwa mtaa mzima ulimwita Profesa. Tangu aanze shule hakuwahi kushika nafasi ya pili. Mdogo aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, basi. Hakuna aliyetarajia makubwa kutoka kwake.

Wiki moja Kidoti alianza kuokota vitu. Alileta tochi mbili mbovu, kopo tupu la maziwa na kipande cha ndoo nyekundu iliyopasuka.

"Unafungua duka la takataka?" Profesa alimcheka.

Kidoti alitoboa kopo kwa msumari, akapachika vitaa vya tochi, akaunga waya na betri, kisha akafunga kila kitu kwenye baiskeli kwa vipande vya tyubu kuukuu. Jumamosi jioni akabonyeza swichi. Mbele ukatoka mwanga mweupe, nyuma mwekundu.

Mama alipiga vigelegele. Fundi baiskeli, jirani yao, alikuja akachuchumaa kuzikagua taa zile. "Aisee! Leo tumepata Injinia. Profesa, jihadhari, mdogo wako anakupita!"

Watu wakacheka. Profesa naye alicheka, lakini kwa meno tu. Moyoni alikuwa akiungua.

Siku tatu hakusikia jingine ila taa. Hata mwalimu wa sayansi alimsimamisha Kidoti mbele ya shule nzima apigiwe makofi. Makofi yale Profesa aliyazoea yakiwa yake. Jumanne jioni, Kidoti alipokuwa akioga, Profesa alinyemelea uani akalegeza waya wa taa ya nyuma. Kidogo tu. Alitaka asubuhi isiwake, mama agune, mambo yaishe.

Asubuhi taa iliwaka vizuri. Ikaja kuzimika katikati ya barabara. Mwenye pikipiki aliyekuwa nyuma hakumwona mama mpaka alipomfikia. Alimpiga kikumbo, mama akaangukia mtaroni.

Walipotoka shule walimkuta kitini, mkono umefungwa bandeji, goti limechubuka.

"Ni kifundo cha mkono tu kimeteguka," alisema. "Taa ya nyuma ilizimika."

Kidoti aliangua kilio. "Ni mimi, mama! Sikuifunga vizuri. Sitatengeneza tena kitu maishani." Akachukua bisibisi, akaanza kuing'oa taa.

Maneno hayo ndiyo Profesa aliyotamani kuyasikia siku zote zile. Sasa aliushika mkono wa mdogo wake wenye bisibisi.

"Iache," alisema kwa shida. "Waya niliulegeza mimi. Nilikuonea wivu."

Kidoti alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Mama alimvutia Profesa kigoda.

"Njoo ukae hapa. Niambie, sifa za mdogo wako zimepunguza nini katika zako?"

"Hakuna, mama."

"Ile taa ilipowaka, niliyeona njia ni mimi. Ulitaka kuzima jina la mdogo wako, ukanizimia mimi barabara. Wivu ndivyo ulivyo, mwanangu, unamlenga mmoja na kumwumiza mwingine. Umefanya vyema kusema kweli. Sasa mwombe msamaha, kisha urekebishe ulichoharibu."

Profesa aliomba msamaha akilia. Kidoti hakuzungumza naye siku mbili. Ya tatu alitokea mlangoni na waya mkononi.

"Nahitaji mtu wa kunishikia hapa," alisema, bado amenuna.

Profesa alishika. Kidoti akasokota waya, akauzungushia utepe mara tatu, akauvuta kwa nguvu kuhakikisha. Haukuachia.

Mama alipopona na kurudi kazini, mlinzi wa tanuri alizipenda zile taa, naye akaja nyumbani kwao kuomba za kwake. "Profesa, nasikia wewe ndiye mtaalamu."

"Hapana, mzee, ni mdogo wangu," Profesa alijibu, akimsogezea kiti. "Mimi namshikia waya."