Sauti Kati ya Spika Mbili

Merete alikutana na Asger katika stesheni ya treni mjini Aarhus, saa ile watu wanatoka kazini na kila mtu anasukuma baiskeli yake. Boksi la Asger lilimwangukia mguuni. Kijana mwenyewe, mrefu, kavaa koti la mvua la manjano, akapiga magoti, lakini si kuutazama mguu. Alikuwa analikagua boksi. Merete akamuuliza kama boksi limeumia sana. Asger akawa mwekundu mpaka masikioni, akaeleza kwamba ndani mna spika ndogo za kujiundia mwenyewe, mbao zimeshakatwa, bado kuunganisha tu. Akamnunulia kahawa, na kufikia majira ya baridi walikuwa wakiishi pamoja.

Spika ziliundwa juu ya meza ya kulia. Merete alishikilia mbao, Asger akapaka gundi na kulehemu, wakitaniana mpaka chakula kikapoa. Asger alimfundisha kila kitu: waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Ukizigeuza kwenye spika moja tu, sauti inapoteza makao yake, haikai tena katikati. Spika zilipokamilika, Asger akaziweka kwenye meza yake ya kazi pale pembeni mwa chumba cha kulala, zimegeukia masikio yake.

Hapo ndipo shetani alipoingia. Kazi ya Asger ni kusafisha rekodi za vitabu vya kusikiliza, na zamani aliifanya kwa hedifoni, kimya. Sasa chumba kilikuwa na mwanamke. Anaitwa Solvej, msomaji wa vitabu hivyo, na sauti yake, nzito na laini, ilisimama katikati ya spika mbili, karibu kiasi cha kumkaribisha kahawa. Merete akirudi kazini anamkuta mtu wake kaegemea viwiko, kafumba macho, anamsikiliza.

"Huyo Solvej ni mzuri?" aliuliza siku moja, anakunja shuka ambazo zilishakunjwa.

"Sauti?"

"Nimeuliza Solvej."

"Mzuri," akajibu Asger, maana kudanganya hajui.

Wivu, jamani, hauna adabu. Merete hakulala vizuri, chakula kikamshinda. Asubuhi moja, Asger alipokwenda kununua mkate, Merete alijipenyeza nyuma ya meza akageuza nyaya za spika ya kulia, mwekundu pa mweusi. Asger aliporudi na kuwasha rekodi, sauti ya Solvej ikatawanyika, nyembamba, haijulikani inatoka wapi. Merete akaenda kazini anapiga mluzi.

Furaha hiyo haikudumu. Asger alifungua maboksi ya spika, akachungulia gundi, akalehemu upya kila kiungo. Nyuma hakutazama, maana nyaya zile alizifunga kwa mikono yake, na nyumbani nani mwingine wa kuzigusa? Kikulacho ki nguoni mwako. Rekodi alizotuma zikarudishwa, hazifai. Mchana mmoja akampigia Merete simu kazini.

"Mpenzi, nadhani sina masikio tena. Nimemwambia bosi huenda nikatafuta kazi nyingine."

"Usiseme hivyo, kipenzi."

"Solvej anakuja leo. Atasoma hapa mezani, nilinganishe sauti yake na spika. Nikishindwa, basi."

Merete alikata simu, akawahi nyumbani. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole: mwanamke aliyemfukuza kwenye spika, sasa anakuja kwa miguu yake.

Akamkuta Solvej ameketi kwenye kiti cha Asger, sweta la kijani, nywele zimefungwa juu, mzuri kuliko sauti yake. Solvej alisoma ukurasa, Asger akaicheza rekodi, na yale yaliyotoka yalikuwa maji matupu. Asger hakumtazama mgeni hata kidogo. Alikuwa anazitazama spika kama mtu anayeziaga. Merete hakuwahi kumwona hivyo. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini angemkosa huyu mtu akiwa naye nyumba moja.

"Waya wa kulia," akasema. "Nimeugeuza mimi. Nilikuwa namwonea wivu huyu."

Aibu ilimshika mpaka visigino. Solvej akachukua koti lake, akasema kwa upole kwamba hajawahi kusifiwa hivyo, akaenda zake.

Asger alizirudisha nyaya mahali pake. Kisha akamkalisha Merete kwenye kiti, akaicheza rekodi ambayo haijasafishwa. Solvej akasimama palepale katikati, akimeza mate, akikohoa, tumbo likinguruma.

"Huyu ndiye ninayekaa naye," alisema Asger, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Kazi yangu ni kufuta mate yake. Nilikaribia kuiacha, Merete. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?"

"Kwamba una wivu."

"Nina wivu."

"Mpaka sasa? Na mate yote hayo?"

"Mpaka sasa. Umesema ni mzuri."

Hasira ya Asger ikatafuta pa kukaa isipate. Akavuta kiti cha pili, akakaa.

"Basi tuoane, uone wivu kwa haki."

"Harusini asialikwe."

"Ataalikwa. Nani mwingine atasoma hotuba vizuri?"

Merete alimpiga begani, kwa nguvu hasa, kisha akasema ndiyo, huku wivu bado unamchoma.