Chuma cha Don Tello

Maiti ya Don Tello Irizarry ilikuwa imekatwa paja.

Pagán, mwenye nyumba ya mazishi, ndiye aliyeliona jambo hilo. Saa moja asubuhi aliingia kumnyoosha marehemu tai, akakuta suruali imepasuliwa mshononi kutoka gotini hadi nyongani. Alipiga simu polisi. Katika miaka thelathini ya kuzika watu hakuwahi kuibiwa hata msumari wa jeneza.

Inspekta Migdalia Rentas alifika na mtaalamu wa alama za vidole. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa na sukari.

"Kafa kwa nini?"

"Moyo, afande. Miaka sabini na minne. Kalala, hakuamka."

"Nani kamgusa tangu uone?"

"Mimi? Hata kwa kidole!"

Inspekta alivaa glavu, akainama, akainua ukingo wa kitambaa kilichofunga paja. Pajani palikuwa na makovu matatu ya zamani. Mawili hayakuguswa. La tatu, dogo kama ukucha, lilikuwa limefunguliwa kwa mkato mmoja ulionyooka. Aliyekata hakubahatisha. Alijua anachokitafuta na mahali kilipo. Na kitambaa chenyewe kilikuwa cheupe, cha mkononi, kimepigwa pasi, fundo lake limekazwa kwa upole.

Inspekta aliligusa fundo kwa ncha ya kidole.

"Maiti haivuji damu," alisema. "Mwizi gani huyu anayemwonea huruma aliyemwibia?"

Mtaalamu alikifungua kitambaa kwa koleo, akakitia katika mfuko wa vielelezo.

Awilda, binti wa marehemu, alikuwa ameketi ofisini na faili mapajani. Hakulia. Macho yake yalikuwa yamekauka kwa hasira.

"Wamechukua chuma cha baba," alisema.

"Chuma gani?"

"Cha vita vya Korea. Kilikaa pajani miaka hamsini na moja. Madaktari waliogopa kukitoa, kiko karibu na mshipa mkubwa. Baba alikuwa anaomba nishani ya moyo wa zambarau, ile ya waliojeruhiwa vitani. Mara tatu ameomba, mara tatu wamemkatalia. Karatasi zake za hospitali ziliungua ghala la kumbukumbu lilipowaka moto huko bara, ng'ambo ya bahari."

"Picha ya eksirei hamkupeleka?"

"Tulipeleka! Wakasema chuma kinaonekana, ila hakisemi kilitoka wapi. Eti mkulima wa kahawa anaweza kuumia kwa chochote. Nimehangaika miaka kumi na moja, Inspekta. Nilimwahidi nitaiweka kifuani kwake, na kama hayupo, kaburini. Leo saa tatu daktari alikuwa aje kukitoa kikapimwe. Saa tisa tunazika. Sasa nitazika na nini?"

"Nani alijua kuhusu huyo daktari?"

"Wote. Niliwatangazia mkeshani, baada ya rozari."

Inspekta aliipekua faili. Barua ya mwisho ilitaka moja kati ya mawili: kumbukumbu ya tabibu, au shahidi aliyeona kwa macho yake. Katika fomu zote tatu, zilizojazwa kwa mwandiko wa mzee, pale pa jina la shahidi palikuwa patupu.

"Hakuwa na shahidi?"

"Alisema wote wamekufa."

"Alfajiri nani alibaki na maiti?"

"Kaka yangu Edwin hadi saa kumi na moja. Kisha baba yangu wa ubatizo, Don Monse. Sisi wengine tulikwenda kuoga."

Edwin alihojiwa kwanza. Alikuwa fundi wa magari, na hakupenda kuulizwa maswali na mwanamke.

"Nasikia uligombana na dada yako jana," Inspekta alisema.

"Nilimwambia amwache mzee aende na chuma chake. Kukosa hamu ya nishani ni jinai siku hizi?"

"Kitambaa chako cha mkononi kiko wapi?"

Edwin aliguna. "Kitambaa? Afande, mimi najifutia karatasi. Hivyo ni vya wazee."

Inspekta alimwachia hapo hapo. Alirudi ukumbini, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kutoa pole. Joto lilikuwa limeanza kupanda. Katika safu ya mbele alikaa Don Monse, kwa jina kamili Monserrate Toledo, suti nyeusi, nishani ya ushujaa kifuani, ile anayoivaa kila sikukuu ya wapiganaji mjini wanapoandamana. Nusu ya vijana wa milima ile walipelekwa Korea katika kikosi kimoja, na huyu ndiye shujaa wao. Jasho lilimtiririka. Wazee wenzake wawili, kushoto na kulia, walijifuta kwa vitambaa vyeupe. Yeye alijifuta kwa kiganja.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

"Don Monse," Inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Nipeleke kwako unipe kahawa."

Mzee alimtazama, akachukua kofia yake.

Nyumba yake ilikuwa kilimani, juu kidogo ya barabara, na uani kahawa ilianikwa kwenye sakafu ya saruji. Sebuleni, juu ya redio, ilitundikwa hati ya sifa katika fremu yenye kioo. Wageni wote waliiona, na kwa kuwa waliiona siku zote, hapana aliyeisoma. Inspekta aliisoma. *Tarehe kumi na nane Septemba mwaka hamsini na mbili, chini ya risasi za adui, alimbeba mgongoni askari mwenzake aliyejeruhiwa pajani.*

Jina la aliyebebwa halikuandikwa. Inspekta alifungua faili ya Awilda. Tarehe ya kujeruhiwa: kumi na nane Septemba.

"Aliyebebwa ni nani, mzee?"

Don Monse alimimina kahawa hadi ikafurika kwenye kisahani.

"Huhitaji kibali cha upekuzi," alisema. Akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akaweka mezani kisu kidogo cha kupandikizia miche na kipande cha chuma, cheusi, chenye kingo za mraba. "Ni Tello."

Inspekta alimsomea haki zake, akawasha kinasa sauti. Maelezo ya onyo yaliandikwa pale pale mezani.

"Kwa nini ulikichukua?"

"Kiangalie. Askari yeyote wa zama zetu anakijua. Hicho ni chuma cha guruneti letu, si la Wachina."

"Nani alilirusha?"

"Mimi."

"Ilikuwaje?"

"Mvua ya usiku na baridi ya mlimani, binti. Sisi watoto wa kisiwa cha joto, vidole vimekufa ganzi. Wachina walikuwa wanapanda kilima, nikarusha. Likagonga mwamba, likarudi. Tello akanisukuma kando, likamlipukia yeye. Mguu huo ulipaswa kuwa wangu."

"Kisha ukambeba."

"Nikambeba. Luteni akaona mtu kabeba mtu, akaandika. Nikavikwa nishani. Nilitaka kusema, haki ya Mungu nilitaka. Siku zikapita. Tukarudi nyumbani, bendi inapigwa, mama yangu analia kwa furaha. Ningesema nini?"

"Na Don Tello?"

"Hakunitaja kwa mtu. Awilda alipozaliwa akaja hapa mlangoni, anachechemea, akasema, 'Monse, mtoto wangu utamshika wewe.' Nikamshika kwenye maji ya ubatizo. Kila mwaka naandamana na hii kifuani, yeye kasimama pembeni ya barabara ananipigia makofi."

"Ungetoa ushahidi mara moja tu, angepata yake."

"Wangeuliza ilikuwaje. Wangesema ni kujiumiza wenyewe, wasimpe. Nilikuwa namlinda."

Inspekta alizima kinasa sauti. "Ulimlinda yeye, au ulijilinda mwenyewe?"

Mzee alikisukuma kikombe kando.

"Washa tena," alisema. Taa nyekundu ilipowaka, akasema wazi, "Nilijilinda mwenyewe. Niliogopa mtoto wangu wa ubatizo atanitazama vipi. Alfajiri nilimwomba Tello radhi, nikakata. Halafu ile nyama ikiwa wazi hivyo... sikuweza kumwacha bila kumfunga."

Saa saba Awilda aliitwa kituoni. Tangu ajue kusema, hakuwahi kumkuta Don Monse pasipo kutamka, "Baraka, baba." Naye hujibu, "Mungu akubariki, mwanangu." Mzee alisimama kumngojea. Awilda hakutamka kitu. Aliyasoma maelezo yote, karatasi nne, amesimama.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Mimi ndiye niliyezisoma kanuni, Baba Monse. Guruneti likirushwa kumpiga adui, likamjeruhi mwenzako, jeraha ni la vita. Anapewa. Imeandikwa. Ungeniuliza tu."

Don Monse alikaa kitini. Aliifungua nishani kifuani, akaiweka juu ya meza ya polisi.

"Nisaini wapi?"

Inspekta alimwonyesha. Maelezo ya onyo yana nakala mbili. Moja ilikwenda kwa mwendesha mashtaka, kwa kosa la kuharibu maiti. Ya pili, kwa ombi la mtuhumiwa, iligongwa muhuri ikawekwa kwenye faili ya Awilda. Shahidi aliyeona kwa macho yake alikuwa amepatikana.

"Nibariki, mwanangu," mzee alisema.

Askari waliokuwamo walitazama sakafu. Katika milima ile mkubwa hamwombi mdogo baraka.

Awilda alikunja karatasi zake. Machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yalikuwa yakimtoka sasa.

"Kule mlimani ulimbeba kweli?"

"Nilimbeba. Hilo sikudanganya."

"Basi leo pia utambeba."

Inspekta alimwachia mzee kwa dhamana, na saa tisa jeneza lilitoka kanisani mabegani mwa watu sita. Pembe ya mbele, upande wa kulia, aliishika mzee asiye na nishani. Kilima cha makaburini ni kirefu, na watu wawili walijitolea kumpokea. Alikataa. Jasho na machozi alijifuta kwa kiganja, maana kitambaa chake kilikuwa kituoni, katika mfuko wa vielelezo.