Jina Lililopakwa Lami

Msimu wa mavuno ukifika Ifakara, eneo la mashine za kukoboa mpunga halina adabu. Malori yanapiga honi, vijana wenye magunia mabegani wanapita wakipaza sauti, "Njia! Njia!", na vumbi la pumba linawashukia wote vichwani, tajiri na maskini. Siku hiyo Febronia alikuwa amevaa kitenge cha bluu chenye maua ya njano, na kilemba cha kitenge hichohicho. Alikuwa anasimamia mchele wake ukimiminika kwenye turubai pale Fuso moja iliporudi nyuma na kukanyaga kona ya turubai lile.

"Wewe! Una macho au una vifungo vya shati?"

Dereva akaruka chini. Alikuwa mtu mrefu, mweusi wa kung'aa, mvi zimeanza kumchungulia kidevuni.

"Mama, nisamehe. Mimi nilikuwa naangalia kioo, kioo nacho kikawa kinaangalia kilemba chako."

Wabeba magunia wakaangua kicheko. Febronia hakucheka, lakini hakutukana tena, na kwa waliomfahamu hiyo ilikuwa habari. Tangu mumewe afariki kwa maradhi ya ini, alikuwa mtu wa kutimiza tu: ameamka, ameuza mchele, amelala. Mazishini hakulia, na majirani wakasema ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Ulikuwa umekufa ganzi, naye alishazoea, kama mtu anavyozoea jino bovu lililoacha kuuma.

Yule dereva alipiga magoti akazoa mchele uliomwagika kwa viganja vyake, akaupuliza vumbi, akaomba namba ya simu. "Nikijua mchele umefika salama ndipo nitalala," alisema. Alisema anaitwa Egidius. Febronia akampa, akamwandika kwenye simu *Egi wa Kiberege*. Yeye mwenyewe alijitambulisha kama mji mzima ulivyomwita: Mama Clinton, kwa jina la mwanawe anayesoma Morogoro.

Jioni simu ikaita.

"Mama Clinton, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali."

"Na nini?"

"Na kijiko."

"Mungu wangu! Jumapili nakupeleka Kivukoni ukale samaki wa kitoga, kabla hicho kijiko hakijakumaliza."

Walikwenda. Egidius alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, akamsimulia enzi za pantoni, kabla daraja halijajengwa, magari yalipokuwa yakilala ukingoni mwa mto yakisubiri zamu. Samaki alikuwa wa moto, pilipili ikamtoa Febronia machozi ambayo msiba haukumtoa. Egidius akamwekea mkono juu ya mkono wake. Febronia aliusikia ule ujoto kwa mbali, kama mtu anayeona taa imewashwa nyumba ya jirani. Hakuutoa mkono wake.

Wakaendelea hivyo, simu asubuhi, simu jioni. Akamwita Febu, akamwita mpenzi, akamwita bosi wangu wa mchele. Watu wazima wakipendana hawaulizani ukoo. Huulizana watoto na dawa za presha. Egidius alisema kalelewa na mama. Febronia alisema baba yake alikufa yeye akiwa tumboni. Wakaishia hapo, wakaagiza soda.

Sasa, kwenye bustani ya mji kulikuwa kumejengwa mnara wa mashujaa. Ni nguzo ya saruji iliyobandikwa vigae, na kwenye jiwe jeusi yamechongwa majina ya watu wa bonde hili waliokwenda vita vya Kagera wasirudi. Jina la Gasper Mkwela, baba yake Febronia, lilikuwa katikati. Mnara ulipozinduliwa, watu walimtazama yeye wakingoja alie. Aliligusa jina, akalikuta baridi kama jiwe lolote, akatoa mkono.

Ugomvi ulianza kwa jina la mwisho: Anselim Matimbwa. Barnaba, kaka yake Febronia, fundi seremala, ndiye aliyelipinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Aliita mkutano wa familia za mashujaa palepale bustanini.

"Ndugu zangu," alisema, jasho likimtiririka, "mzee Sayi aliyerudi kutoka vitani, Mungu amrehemu, alituambia kwa kinywa chake. Alimwona Anselim Bukoba baada ya vita kwisha, anauza ndizi, amenenepa! Mtoro hawezi kulala kitanda kimoja na baba yangu."

"Hawajalala hapo, Barnaba," mtu mmoja akanung'unika. "Ni majina tu."

"Wanaotaka jina litolewe, wanyooshe mikono!"

Mikono ikapanda. Febronia naye akanyoosha wake, kama anayefukuza nzi. Jua lilikuwa kali na alitaka mkutano uishe. Mkono ukiwa bado juu, akaliona shati jeupe kwenye lango la bustani.

"Na wewe uliyechelewa ni nani?" Barnaba akauliza.

"Naitwa Egidius Anselim Matimbwa. Nilikuja kumsemea baba yangu." Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa Febronia. "Naona mmeshamaliza."

Akageuka, akaondoka.

Febronia alimpigia jioni ile, simu ikaita hadi ikakata. Akapiga kesho yake, na keshokutwa. Egidius alipopokea hatimaye, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mteja.

"Egi, sikujua ni baba yako. Naapa."

"Najua hukujua."

"Basi?"

"Na kama ungejua, Febu, mkono ungeubakisha chini?"

Angeweza kusema ndiyo. Mwanamke mwingine angesema, yaishe. Lakini Febronia alijitafuta ndani akakuta chumba kitupu.

"Sijui," alisema.

"Asante kwa kunijibu kweli," Egidius akasema, akakata simu.

Viongozi wa mji waliamua jina libaki mpaka upatikane uthibitisho kwamba marehemu alikimbia. Siku chache baadaye watu wakaamka wakakuta jina la Anselim limepakwa lami, nzito, imechuruzika hadi kwenye vigae. Febronia alipita pale akienda sokoni, akasimama. Kisha hakwenda tena sokoni. Alikwenda kwenye karakana ya kaka yake.

Barnaba alikuwa anapiga randa ubao. Kucha zake zilikuwa nyeusi, na si kwa vanishi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Ni wewe."

Randa ikasimama. Barnaba hakukana. "Wewe huelewi. Hukumwona. Mimi nilikuwa na miaka sita, tukikaa Kiberege. Waliondoka asubuhi moja, lori moja, baba na Anselim. Baba alininyanyua nikashika bati la lori. Mmoja akarudi kuwa jina, mwingine anauza ndizi! Kwa nini yeye aishi?"

"Kwa hiyo unamchukia kwa kuishi?"

"Wewe Febronia, hata kulia hujawahi kumlilia. Huna unachokumbuka."

"Kweli, sina." Alisema bila hasira. "Lakini yule aliyepakwa lami ana mtoto, na mtoto ana macho. Nimeyaona."

Alinunua mafuta ya taa, akatafuta matambara, akarudi bustanini. Ilikuwa saa za watu: wanafunzi wanakata njia, bodaboda wameegesha kivulini, mama wa maandazi na ndoo zake. Alivua viatu, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaanza kusugua. Watu wakajaa. Wengine wakapiga picha.

"Mama Clinton, si ulinyoosha mkono wewe?" mmoja akamchokoza.

"Nilinyoosha. Sasa naushusha."

Lami ilitoka kwa shida, ikahamia viganjani mwake, ikampaka hadi viwiko. Hakusikia uchungu, wala fahari, wala aibu. Alisikia harufu ya mafuta ya taa, na mgongo unaouma. Aliendelea hivyohivyo, kwa sababu kazi haiulizi kama una hisia.

Alikuwa kwenye herufi ya M pale kivuli kirefu kilipomwangukia.

"Picha yako imefika kwenye kundi la madereva," Egidius alisema. "Wanauliza nani kakuajiri."

"Waambie nimejiajiri."

Egidius alichuchumaa, akachukua tambara la pili. Wakasugua pamoja. Watu walipoona hakuna ugomvi, wakaanza kutawanyika. Upande wa pili wa bustani Barnaba alikuwa amesimama. Hakusogea karibu, lakini hakuwazuia, na baadaye Febronia alipotazama tena, kaka yake hakuwepo.

"Febu."

"Naam."

"Nikwambie kitu? Mimi mwenyewe sijui kama alikimbia. Pengine Sayi alisema kweli. Akiwa alikufa, mimi ni mtoto wa shujaa. Akiwa alikimbia, basi alituacha mimi na mama tukila mapumba. Nimekaa nayo yote mawili miaka yote hii, na nikisimama hapa..." akaligusa jiwe, "hakuna kitu. Hata siku ile mkutanoni nilikuja kwa sababu mtoto wa kiume anatakiwa aje."

Febronia akaacha kusugua. Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Na mimi hakuna kitu," alisema polepole. "Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeharibika."

"Basi tumeharibika wawili."

"Nisamehe ule mkono, Egi."

"Nilishausamehe. Kilichoniuma ni simu. Ungenidanganya kidogo tu!"

"Sijui kudanganya. Ningejua, ningekuwa nimeolewa tena zamani."

Egidius akacheka, kicheko cha ghafla kilichowashtua hata njiwa. "Olewa na mimi, basi. Sihitaji uongo. Nina Fuso, nina mama, nina shamba la mpunga lisilo na ugomvi na mfugaji yeyote."

"Unaniposa nikinuka mafuta ya taa?"

"Nakuposa kabla hujaenda kuoga ukabadili mawazo."

Febronia alikunja matambara, akavaa viatu. Jina lilikuwa linasomeka, ingawa ukungu wa kahawia ulibaki kwenye jiwe na haukutaka kutoka. Kisha akasema, "Kwanza nipeleke nikamsalimie mama yako. Nilinyoosha mkono dhidi ya mume wake, siwezi kuingia kwake kwa mlango wa nyuma."

Jumapili wakaenda Kiberege. Febronia alivaa gauni la kijani la mikono mirefu. Mama yake Egidius, bibi Paskazia, alikuwa amekaa uani anasuka mkeka, vidole vinakimbia bila macho kuviangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Wa Gasper Mkwela. Mama, nimekuja kuomba radhi. Mkutanoni nilinyoosha mkono jina la mzee litolewe."

Vidole havikusimama. "Lile jiwe sijawahi kwenda kuliona. Kama Anselim alikimbia, alikimbia mbali hadi akanisahau. Kama alikufa, alikufa. Mimi nililima." Akamtazama usoni kwa muda. "Wa Gasper! Basi wewe ndiye uliyewachelewesha."

"Mimi, mama?"

"Lori lilikuwa linapiga honi, Gasper haonekani. Kumbe mama yako anatapika kwa mimba yako, na yeye kakaa anamshikia beseni, hataki kumwacha. Akaja hapa anakimbia kumchukua Anselim, shati zima matapishi, anacheka mpaka anashika mbavu. Akasema, huyu aliye tumboni mkorofi, hataki niende vitani."

Febronia alibaki amesimama. Hakuna aliyewahi kumwambia habari ya shati. Barnaba alimpa lori, jiwe likampa jina; hakuna aliyempa mtu aliyeshika beseni.

Egidius akakohoa. "Mama, nilitaka kukuambia kwamba mimi na Febronia..."

"Nimeona, sina upofu. Nyamaza kwanza, tunaongea."

Febronia akavua viatu, akakaa kwenye ncha ya mkeka ambao haujakwisha.

"Alikuwa mrefu?" aliuliza. Sauti yake ilitoka na mkwaruzo, akashindwa kuisafisha.

"Mfupi," bibi Paskazia akasema. "Mfupi, mwenye maneno mengi. Sogea huku, mwanangu, nikueleze."